Kichwa cha Treni Kilichobaki Ndani ya Boksi

Katika biashara ya vitu vya kuchezea vya zamani kuna kanuni moja ambayo kila muuzaji anaijua. Treni ya bati ambayo mtoto aliichezea, rangi ikakwaruzika na kona ikapinda, ina bei yake. Treni ileile, ya kiwanda kilekile na mwaka uleule, ambayo haikuwahi kuguswa na mtoto na boksi lake bado lipo, bei yake hupanda mara kadhaa. Hata boksi tupu huuzwa peke yake, na wanunuzi hawakosekani. Yaani kitu kilichotengenezwa ili mtoto akichezee kinapata heshima kuu pale tu ambapo hakuna mtoto aliyekichezea.

Kanuni hii tulikutana nayo Ujerumani, tulipokwenda kuwatembelea ndugu zetu wa usharika rafiki wakati wa Majilio. Tulikuwa wanne: wachungaji wawili, mwinjilisti mmoja na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake. Jumamosi wenyeji wetu walitupeleka kwenye maonyesho ya midoli ya kale na treni za mfano, katika ukumbi wa mji wao. Tulidhani tunakwenda kuona mambo ya watoto. Waliojaa ukumbini walikuwa wazee wenye mvi, wengi wao wanaume, wameinamia meza na miwani puani kama wahasibu wanaofunga hesabu za mwaka.

Katikati ya ukumbi palijengwa nchi nzima juu ya meza. Milima, mahandaki, madaraja, ng'ombe malishoni, na treni zikizunguka bila kuchoka. Kipimo kinachopendwa sana huko huitwa H0, ambacho hupunguza kila kitu mara 87, hivyo mtu mzima wa kimo cha kawaida huwa na sentimita mbili tu. Palikuwa na kanisa lenye mnara, taa zinawaka ndani, na mlango wa kuchorwa usiofunguka. Mwinjilisti wetu alilitazama kanisa lile muda mrefu kuliko kitu kingine chochote ukumbini, akatikisa kichwa, hakusema neno. Pembeni mzee mmoja aliyevaa kofia ya mkuu wa stesheni aliwapa watoto wachache waliokuwapo zamu ya kuendesha. Treni ilipopinduka alicheka pamoja nao, akairudisha relini, akamwita mtoto mwingine.

Wajerumani hawakuanza jana na mambo haya. Treni ya kwanza ya abiria ya nchi yao, iliyovutwa kwa mvuke, ilisafiri kati ya Nürnberg na Fürth mwaka 1835, na mji huohuo wa Nürnberg ulikuwa umeshazoea kwa karne nyingi kutengeneza midoli na kuiuza mbali. Kule Göppingen fundi wa bati aitwaye Theodor Märklin alianza mwaka 1859 kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya wanasesere. Alipofariki mwaka 1866, mjane wake Caroline ndiye aliyeishika kazi mpaka wanawe walipoweza kuichukua. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, Märklin walionyesha treni ya kujazwa kwa ufunguo iliyopita juu ya reli zake yenyewe, reli ambazo familia ingeweza kuziongeza kidogo kidogo kila Krismasi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, Wajerumani walianza kujenga reli ya kweli kutoka Tanga. Tulipokuwa tukitazama vichwa vile vya treni vya enzi hizo, tuliwaza juu ya watoto wawili wa umri mmoja: wa Göppingen anayesukuma behewa sakafuni, na wa kwetu ambaye baba yake ameitwa kwenda kubeba mataruma. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Kilichotushika kilikuwa meza moja karibu na mlango. Mzee mwenye meza alikuwa amepanga vichwa vya treni saba, kila kimoja ndani ya boksi lake, na kimoja hakijawahi kutolewa. Mama yetu akamwambia mwenyeji aliyekuwa akitutafsiria: "Hebu muulize baba huyu, wajukuu zake wanachezea nini?" Mwenyeji alisita, maana swali lilikuwa na ncha. Akauliza.

Mzee hakukasirika. Alisema wajukuu wana vitu vyao vya plastiki, hivi si vya kuchezea. Kisha akanyamaza, akaendelea kwa sauti ya chini. Alikuwa mtoto miaka iliyofuata vita, baba hakurudi, na dirishani kwa muuza duka kulikuwa na kichwa cha treni kama kile pale. Kila Majilio alisimama mbele ya dirisha. Hakukipata. Alikinunua akiwa na miaka zaidi ya hamsini, kwa fedha yake mwenyewe. "Na sasa," akasema, "naogopa kukiharibu."

Wapendwa, tulipotoka pale hatukuwa tena na hamu ya kumcheka. Ni rahisi kusema kwamba mzee yule ametawaliwa na mali, tukamsomea Mathayo 6 kuhusu nondo na kutu, tukaenda zetu. Neno alilolisema mwenyewe si tamaa. Ni hofu. Na hofu yake ina mzazi anayeitwa umaskini.

Jambo hili tunalijua hapa nyumbani. Sisi wachungaji tunaozika tumekaa mara nyingi na familia siku ya kugawa nguo za marehemu. Mama amelala kaburini siku ya tatu, mabinti wanafungua sanduku lake la chuma lililokuwa chini ya kitanda. Ndani kuna vitenge na khanga ambavyo havijakatwa, mikunjo ya dukani bado ipo, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa pembeni. Hiki alipewa na mwanawe aliyeko Mwanza. Hiki ni cha harusi ya mjukuu. Hiki hakuna anayekumbuka. Mama mwenyewe miaka yote hiyo alikuja ibadani na kitenge kilekile kilichopauka mabegani. Binti anasema, "Kila nikimwambia mama vaa, ananiambia itafika siku yake." Halafu wanagawana wanawake ambao rangi zile hata hawazipendi. Tumeliona hilo kiasi kwamba siku hizi, sanduku linapofunguliwa, tunatazama chini.

Mtu akituambia mama yule alikuwa na choyo tutamkatalia. Alikuwa mtu wa kutoa. Alitoa maharage, alitoa fungu la kumi, alitoa usiku wake kwa wagonjwa. Alichoshindwa ni kupokea. Kuna watu ambao miaka ya shida iliwafundisha kwamba kitu kizuri hakiwezi kuwa chao kweli, kwamba wao ni walinzi wake tu mpaka afike mtu anayestahili.

Tukisoma tena mfano wa talanta katika Mathayo 25 tukiwa na sanduku lile mbele yetu, tunaona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Mtumwa wa tatu tumezoea kumwita mvivu, na ni kweli bwana wake anamwita hivyo. Lakini yeye mwenyewe, anapojieleza, anataja sababu nyingine: aliogopa. Na aliogopa kwa sababu ya picha aliyokuwa nayo moyoni juu ya bwana wake, kwamba ni mtu mgumu, anayedai pale asipotoa. Talanta haikuliwa, haikuibwa, haikupungua hata kidogo. Ilirudishwa ikiwa safi kabisa. Mkusanyaji wa midoli angesema ipo katika hali ya boksi, na angeilipia zaidi.

Hapa ndipo swali linapokuwa la imani. Mtunza boksi anamdhania mtoaji kuwa ni nani? Kama Mungu ni mkaguzi anayekuja na kalamu nyekundu kuhesabu mikwaruzo, basi busara ni kutogusa kitu. Funga, weka juu, subiri siku ya hesabu. Lakini kama ni Baba, mambo yanabadilika. Baba anayemletea mtoto gari la kuchezea hatarajii kulikuta mwezi wa sita likiwa jipya. Akilikuta jipya ataingiwa na wasiwasi: mwanangu hakulipenda? Au ananiogopa?

Na tuseme pia kwamba boksi halilindi kama tunavyodhani. Kwenye maonyesho yale, fundi mmoja anayetengeneza treni mbovu alituonyesha kichwa cha treni kilichotunzwa vizuri kwa miongo mingi, mahali pakavu, bila kuguswa. Magurudumu yalikuwa yamepasuka na mwili umevimba na kujipinda, vipande vikibaki mkononi kama biskuti iliyolowa. Alieleza kwamba miaka ya zamani viwanda vingi vilimimina sehemu hizi kwa mchanganyiko wa zinki, na zinki ikiwa na uchafu kidogo tu wa madini ya risasi, inaanza kuoza kutoka ndani. Wajerumani huuita ugonjwa huo tauni ya zinki. Hauna dawa. Rangi ya juu inang'aa, boksi limenyooka, na ndani chuma kinajitafuna polepole. Yesu alipotaja kutu alitaja kitu kinachoshambulia kutoka nje. Hii ni ya ndani, na mtoto mharibifu hahusiki nayo hata chembe. Fundi alisema wapo wanaofungua boksi baada ya miaka arobaini, wakidhani wana mali, wakakuta unga.

Hata hivyo hatutaki kuwa upande mmoja. Mwinjilisti wetu, ambaye ni mtu wa hoja, alituuliza jioni ile: "Na kama hakuna ambaye angetunza, sisi leo tungeona nini?" Ni swali la haki. Magari ya waya ya utoto wetu, yenye magurudumu ya kandambili zilizokwisha, hayapo. Wanasesere wa magunzi waliobebwa mgongoni na dada zetu hawapo. Walikwisha kwa kuchezewa, na huo ndio mwisho mzuri wa mwanasesere, lakini leo hatuna cha kuwaonyesha watoto wetu ila maneno.

Tena utunzaji una kazi nyingine nzito zaidi. Siku mbili baadaye, katika jumba la makumbusho ya midoli la Nürnberg, tulisimuliwa habari za watu waliotengeneza vitu hivi. Ndugu wawili Wayahudi, Ignaz na Adolf Bing, walianza kama wafanyabiashara wa vyombo vya bati, na kampuni yao ikaja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya midoli duniani kabla ya vita vya kwanza. Stephan Bing, wa kizazi kilichofuata, alianzisha na wenzake kazi ya treni za Trix. Treni yao ya umeme ilitoka mwaka 1935, na Septemba ya mwaka huohuo zilitangazwa katika mji huohuo sheria za Nürnberg zilizowavua Wayahudi uraia. Mwaka 1938 alilazimika kuuza, akakimbilia Uingereza. Mwenye kiwanda kingine, Philipp Ullmann, alikuwa amekwisha kukimbia tangu 1933. Kiwanda chake kikabaki mikononi mwa wengine, na miongoni mwa vitu vilivyotoka humo baadaye ni gari la bati la Hitler, kwa ajili ya watoto wa Kijerumani kusukuma sakafuni.

Mbele ya habari kama hizo hakuna anayetamani kwamba kila kitu kingechezewa mpaka kiishe. Ni vizuri kwamba kuna mtu aliyeficha baadhi, akaandika jina la mwenyewe, akasema hiki kilitengenezwa na mtu aliyefukuzwa. Kutunza kwa namna hiyo ni kushuhudia. Wana wa Israeli nao waliweka pishi moja ya mana mbele za Bwana, kwa amri ya Mungu, ili vizazi vione (Kutoka 16). Pishi moja. Nyingine yote ilikuwa ya kuliwa, na aliyejaribu kuweka akiba ya kesho aliikuta na mabuu asubuhi. Tofauti kati ya pishi ile na akiba ile haikuwa katika mana yenyewe. Moja iliwekwa mbele ya macho ya wote, nyingine ilifichwa na mtu mmoja hemani mwake kwa kutoamini kwamba kesho Mungu atatoa tena.

Jambo moja zaidi kuhusu Nürnberg, nalo linamhusu Martin Luther. Mwaka 1530 alikuwa amekaa katika ngome ya Coburg, kwa kuwa hakuruhusiwa kufika Augsburg ambako wenzake walikuwa wakijiandaa kulikiri Injili mbele ya Kaisari. Tarehe 19 Juni, siku sita kabla Ungamo letu la Augsburg halijasomwa, alimwandikia barua mwanawe Hans aliyekuwa ametimiza miaka minne. Hakumfundisha katekisimo. Alimweleza bustani nzuri ambamo watoto wanaopenda kusali na kujifunza wanakula matunda na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Baadaye mwaka huohuo alimwandikia mkewe Katharina kwamba amempatia Hans kitabu kikubwa kilichotengenezwa kwa sukari, kilicholetwa kutoka Nürnberg.

Tunakipenda sana kitabu kile cha sukari. Mtu aliyewekewa zawadi kichwani, aliyeandika vitabu vya karatasi vinavyojaza kabati, alimchagulia mwanawe kitabu ambacho hakiwezi kutunzwa. Hans angekilamba. Ukurasa wa kwanza ungeisha siku ya kwanza. Leo hakuna jumba la makumbusho lenye kitabu kile, na hakuna aliyepoteza kitu. Nabii Zekaria naye, alipotaka kueleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, hakuanza na hazina ya hekalu. Alitaja wazee wenye mikongojo wameketi njiani, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji (Zekaria 8). Wazee na watoto mahali pamoja. Katika ukumbi ule tulioutembelea, sehemu iliyofanana na unabii huo ilikuwa kona ya mzee mwenye kofia.

Tuliporudi nyumbani tuliyasimulia haya kwenye semina ya wazee wa kanisa, na hatukujua kwamba tumewasha moto. Katika usharika mmoja wa jimbo letu zimo tarumbeta sita, zililetwa na marafiki wa Ujerumani miaka mingi iliyopita. Zinakaa kwenye kabati la sakristia, zimefungwa vitambaa. Hutolewa Pasaka, na Askofu akija. Wapulizaji wa zamani waliobaki ni wawili, na mmoja meno yamekwisha. Vijana wameomba mara tatu wafundishwe. Mara tatu baraza limejibu kwamba vyombo ni vya thamani, vikipata mbonyeo hatuna fundi, na vijana wa siku hizi hawana uangalifu.

Kila sababu kati ya hizo ni ya kweli. Fundi hakuna karibu. Vijana watabonyeza, hilo halina shaka, na mmoja huenda akaiacha tarumbeta kwenye daladala. Mzee wa kanisa anayeshika ufunguo si mtu mbaya. Alikuwepo siku zilipofika, akiwa kijana, na anakumbuka usharika ulivyolia kwa furaha. Anapozifuta vumbi kila Jumamosi anaifuta siku ile. Mmoja wetu alimwuliza kwa upole kama amezijaribu pampu zake hivi karibuni, maana shaba nayo ikikaa bila kupulizwa hukwama. Hakujibu. Lakini alizitoa, tukazijaribu pamoja, na mbili kati ya sita hazikusogea.

Baraza litakaa tena Jumapili ya pili ya mwezi ujao, na tarumbeta ni ajenda ya nne, baada ya paa la nyumba ya mwinjilisti. Wakati huo, nyuma ya jengo la shule ya Jumapili, kijana mmoja wa kipaimara amekata kipande cha bomba la kumwagilia maji, akachomeka mdomo wa chupa ya plastiki upande mmoja, na ameshaweza kupuliza sauti tatu.